Begi Kwenye Kiti

Kila Jumamosi ya kiangazi, Odile Arsenault alipanga mifuko ya viazi vya baba yake juu ya meza kando ya barabara, akaweka kopo lenye tundu kwenye mfuniko, kisha akaenda zake kufanya mazoezi ya fidla. Hakubaki mtu wa kulinda. Wapita njia walichukua viazi, wakatumbukiza pesa koponi, wakaendelea na safari. Katika Kisiwa cha Prince Edward ndivyo watu wanavyouza, na Odile hakuwahi kuibiwa hata senti.

Kwa viazi hivyo alijikusanyia dola mia sita za kununua fidla kubwa. Alikuwa na miaka kumi na miwili, na fidla ndogo aliyoazimwa na shule ilikuwa imeanza kumbana vidole. Babu Ferdinand, kaka wa bibi yake, aliyehamia Marekani ujanani, alikuwa fundi wa fidla na alikwisha kumtengenezea moja. Lakini alionya kwenye simu: “Kuna mteja mwingine anaililia. Nakuwekea hadi Jumapili. Baada ya hapo, usinilaumu.”

Kabla ya safari, Bibi Léonie alishona kifuko cha kitambaa chenye kamba ya kuvaa shingoni.

“Nusu ya pesa zako nitakaa nazo mimi,” alisema. “Nusu hii ivae ndani ya blauzi. Begini weka za chakula tu.”

“Bibi jamani! Kwani tunakwenda kwa majambazi?”

“Tunakwenda kwa watu tusiowajua. Vaa.”

Odile akavaa huku amevuta mdomo. Basi lilipovuka mpaka wa Marekani, joto lilikuwa kali na kitambaa kilimwasha kama upupu. Aliingia chooni, akavua kifuko, akakisokomeza ndani ya begi lake la mgongoni. Aliporudi, bibi yake alimtazama shingoni.

“Kifuko kipo?”

“Kipo, Bibi,” alijibu upesi. Si alikuwa nacho begini? Hivyo ndivyo alivyojidanganya.

Alasiri walishuka katika kituo kikubwa ili kubadili basi. Bibi Léonie alikwenda kukata tiketi, pasipoti zote mbili zikiwa kifuani mwake.

“Tafuta meza tule kidogo,” alisema. “Na macho yako yawe kwenye begi.”

Mkahawa ulijaa. Odile aliona meza moja tupu, akafanya kile ambacho mtu yeyote wa kwao angefanya. Nyumbani, kwenye karamu za ukumbi wa parokia, mtu huacha koti au mkoba juu ya kiti, na kiti hicho huwa chake hata akizunguka saa nzima akisalimia watu. Basi akaliweka begi kitini, akachukua noti ya chakula, akashika fidla ya shule mkononi na kwenda kupanga foleni ya supu. Hakuchukua dakika tatu. Alipogeuka na sinia lake, kiti kilikuwa kitupu.

Alichungulia chini ya meza. Akamuuliza mama aliyekaa meza ya jirani.

“Alilibeba kijana mmoja,” yule mama alisema. “Mimi nikadhani ni kaka yako!”

Bibi Léonie alimkuta bado anachungulia chini ya meza. Alipoelezwa, alishusha pumzi.

“Ah, pole, mwanangu. Sweta na mswaki vina thamani gani? Ashukuriwe Mungu, kifuko unacho.”

Hapo Odile angeweza kunyamaza. Angeweza kusema baadaye kwamba kamba ilikatika. Uongo ulikwisha kufika ncha ya ulimi, lakini alipoutazama uso wa bibi yake, wenye imani tele, aliona aibu kuliko alivyowahi kuona.

“Sinacho, Bibi. Nilikivua kwenye basi. Nikakudanganya.”

Bibi alimpokea sinia, akaliweka mezani. Kisha akamshika mkono. “Twende polisi. Kulia utalia kwenye basi.”

Askari waliandika maelezo, wakaahidi kupiga simu. Begi halikuonekana.

Walifika kwa Babu Ferdinand siku ya Alhamisi. Fidla ilikuwa juu ya meza ya kazi, mbao zake zina rangi ya asali. Odile alipiga nyimbo mbili tu, akajua kwamba hataki nyingine.

“Nina dola mia tatu, Babu. Nyingine nilizipoteza kwa uzembe wangu.”

“Pole sana. Lakini hiyo ni kazi yangu ya miezi minne,” mzee alisema kwa upole. “Bei sipunguzi.”

“Sijakuomba upunguze. Bibi ameniambia kesho kuna dansi ukumbini kwenu. Niombee nafasi nipige, watu wanitunze.”

Babu Ferdinand alimgeukia dada yake. “Huyu mtoto amemrithi nani?”

“Wewe, na kiburi chako!” Bibi Léonie akajibu, na kwa mara ya kwanza tangu kituoni akacheka.

Waakadia wa mji ule, wazao wa Wafaransa kama akina Odile, walikutana ukumbini Ijumaa na Jumamosi. Odile alipiga fidla yake ndogo ya shule, akiwa ameketi, nyayo zake zote mbili zikitwanga sakafu kama desturi yao. Wazee walicheza hadi miwani ikawadondoka. Kila ngoma ilipokwisha kofia ilizungushwa kukusanya pesa, na Odile hakuiondolea macho. Jumapili asubuhi aliweka dola mia sita kamili mbele ya fundi.

“Sasa ni yako,” alisema Babu Ferdinand. “Fundi hana neno.”

“Mimi ninalo,” alisema Bibi Léonie. “Kwetu tunaachia meza wazi kwa sababu tunajuana. Ugenini hakuna anayekujua, wala wewe humjui mtu. Huko pesa hugawanywa, hufichwa mwilini, na begi haliachwi hata kwa pumzi moja. Umesikia?”

“Nimesikia, Bibi. Nisamehe kwa kukudanganya.”

“Nilikusamehe palepale kituoni, uliposema kweli wakati uongo ungekufaa zaidi.”

Bibi akafungua mkoba wake, akatoa bahasha na kumpa kwa mikono miwili.

“Hii ni nusu ya nauli yetu ya kurudi. Utaibeba wewe.”