Sauti ya Kikosi cha Pili

Duka la vifaa vya ushonaji lilifurika asubuhi ile, watu wanapigana vikumbo kwa ajili ya zipu na vifungo. Katika msukumano huo binti mwenye sare ya kadeti, kofia kaiegemeza upande, akamkanyaga kijana aliyebeba jora la kitambaa cha kijani.

"Samahani, kaka."

"Kwa buti hilo, dada, samahani haitoshi. Nipe namba yako, mguu ukivimba nijue nimlaumu nani."

Binti akacheka, akaitaja. Mguu haukuvimba, lakini simu iliita jioni ileile.

Kumbe kijana ndiye fundi aliyepewa kushona sare mpya za kadeti wote, na jora lile lilikuwa lao. Kwa miezi mitatu yeye akamwita binti Kamanda, binti akamwita Fundi Wangu, wakawa hawashikiki.

Sasa sikia balaa. Binti alikuwa mwakilishi wa kikosi cha pili kwenye baraza la ushauri la vijana, linalofikisha maoni ya kadeti kwa mkuu wa mafunzo. Sharti la baraza ni moja: mwakilishi husimama, husema "kikosi kinasema", kisha husoma walichokubaliana wenzake. La moyoni mwake analiacha mlangoni.

Ijumaa moja, katikati ya gwaride, mbele ya wageni, suruali tisa za kikosi cha pili zilipasuka. Jumatatu binti akasimama barazani na karatasi yake.

"Kikosi kinasema fundi wa sare abadilishwe."

Mkuu akaandika, akasema ataamua baada ya wiki moja. Nje ya mlango, na furushi la sare za akiba mikononi, fundi alisikia kila neno.

Usiku simu ikaita.

"Umenimaliza, mpenzi."

"Sikusema mimi. Kilisema kikosi."

"Mdomo ulikuwa wa nani?"

"Wangu."

"Basi?"

"Basi sijui," binti akajibu.

"Na juzi uliponiambia unanipenda, nani alisema? Au na lile kikosi kilikuandikia?"

Simu ikakatwa. Hapo mtu umlaumu nani? Mimi mwenyewe nimeshindwa.

Dada yake binti, muuguzi asiyependa maneno mengi, alimwambia ajiuzulu aokoe penzi. Binti akaona akijiuzulu amewatupa wenzake, na asipojiuzulu amemtupa fundi. Siku mbili hakula vizuri. Kwenye kwata aliambiwa geuka kulia, akageuka kushoto.

Siku ya tatu akaacha kujiuliza yeye, akaanza kuwauliza waliopasukiwa. Zote tisa zilipasukia mapajani. Akaenda ofisini kutazama daftari la vipimo: vilichukuliwa wiki ya kwanza ya mafunzo, na fundi aliagizwa avifuate bila kubadili hata kimoja. Miezi mitatu ya kukimbia vilima na mabegi mgongoni, mapaja gani yangebaki yaleyale? Akakiita kikosi, akawaonyesha daftari. Wakanyoosha mikono upya: fundi abaki, ila apime upya.

Kesho yake mkuu akakubali, na binti akaenda na karatasi kwenye kibanda cha fundi. Fundi hakuinua macho kutoka kwenye cherehani.

"Amekuja nani leo?"

"Kikosi. Kinasema upime upya watu wote, na kinakuomba radhi."

"Na wewe?"

"Mimi bado najitafuta."

Jumamosi fundi akapima kikosi kizima, mmoja mmoja. Binti akawa wa mwisho, wenzake wamekwisha kuondoka. Fundi akamzungushia futi kiunoni, akasahau kusoma namba.

"Nina swali, Kamanda. Ila jibu la kikosi silitaki."

Binti akavua beji ya uwakilishi, akaiweka juu ya cherehani.

"Uliza."

"Utakubali nikuoe?"

Binti akaisogeza beji mbali kidogo.

"Nimesema ya watu hadi langu nimelisahau," binti akasema. "Sijui mwakani nitakuwa mtu gani. Sijui hata kama ulikosea wewe au nilikosea mimi. Ninachojua, siku zile tatu bila simu yako niliumia, na aliyeumia ni mimi, si kikosi."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo ndiyo. Ila usinishonee maisha yote kwa vipimo vya leo. Uwe unanipima upya."

Fundi akachukua daftari jipya la vipimo, akaandika tarehe ya siku ile juu ya ukurasa, na chini yake akaacha nafasi kubwa.