Kufuli la Kuchora

Kila asubuhi kabla ya kengele ya shule, Chapuchapu alipitia kwenye duka la dobi alikofanya kazi mama yake, akamsaidia kubandika namba kwenye nguo za wateja. Jina halisi la binti huyu lilibaki kwenye daftari la mahudhurio tu. Shule nzima ilimwita hivyo kwa kuwa alifanya kila kitu mbio: alikula mbio, aliandika mbio, na makosa yake nayo yalikuja mbio vilevile.

Ijumaa hiyo alikuwa hashikiki. Shule yao ilichaguliwa kuandaa maonyesho ya sayansi ya shule kumi na mbili, na wazazi wangeandikisha watoto wao kupitia tovuti ya klabu ya kompyuta kuanzia saa kumi jioni. Tatizo lilikuwa moja. Juu ya ukurasa, kando ya anwani ya tovuti, palisomeka maneno mawili: "Si salama."

"Jamani, hata tovuti ukiijulia hali inajibu vibaya!" alitania rafiki yake, Maswali, ambaye sababu ya jina lake kila mtu aliijua.

Mwalimu wa kompyuta alitabasamu kidogo tu. "Bila cheti cha usalama, anachoandika mzazi kinasafiri kama barua isiyo na bahasha. Mtu wa njiani anaweza kukisoma. Tukipata cheti, kufuli dogo litatokea pale juu. Fomu isifunguliwe kabla ya hapo. Saa kumi ikifika hatuna kufuli, maonyesho yatahamia shule nyingine."

Akaingiza nenosiri la ukurasa wa kusimamia tovuti, akampa Chapuchapu kiti. "Soma kila mstari. Mimi niko chumba cha pili, nasimamia mtihani."

Chapuchapu aliketi upesi. Akabofya "Vyeti vya Usalama", kisha "Omba Cheti". Akaandika anwani ya tovuti. Yakaja maelezo marefu yakimtaka achague sanduku la barua pepe. Akachagua la kwanza, lililoandikwa "msimamizi", akabofya "Tuma".

"Hukusoma," Maswali alisema.

"Nimesoma kwa macho. Ona, ombi limepokelewa!"

Wakasubiri. Saa nne ikapita, saa tano ikapita, na pale juu bado pakasomeka "Si salama." Maswali alipoitwa darasani, Chapuchapu akabaki peke yake na wazo lililomjia ghafla. Kuchora alikujua sana. Akachora kufuli la kijani lenye kung'aa, akaliweka katikati ya ukurasa, juu kabisa ya fomu. Lilipendeza kweli. Akajiambia kwamba cheti kingefika tu muda si mrefu, akafungua fomu.

Mwalimu alichungulia mlangoni. "Vipi, kufuli limetokea?"

"Limetokea, mwalimu!"

"Hongera sana!" Mwalimu akarudi kwa watahiniwa wake huku akitembea kwa madaha.

Saa tisa, masomo yalipokwisha, Chapuchapu alikimbilia kwa dobi. Mama yake aliweka pasi kando, akamkumbatia kwa mikono yenye joto.

"Mwanangu, umenitoa kimasomaso! Nimeona tovuti yenu kwenye simu, nimeshakuandikisha. Mwanzoni nilisita. Lakini nikaona lile kufuli, nikasema basi, hapa ni salama. Nikajaza yote: tarehe yako ya kuzaliwa, namba yangu ya simu, mpaka mtaa na nyumba tunayokaa."

Furaha yote ilimwisha. Alimtazama mama yake, mtu asiyegusa nguo kwa pasi kabla ya kusoma lebo ya ndani, na huyo huyo ameliamini kufuli lake.

"Mama, nisamehe. Kufuli lile nimelichora mimi."

Mama aliizima pasi. "Mwalimu anajua?"

"Hajui."

"Basi unasimama hapa kufanya nini?"

Chapuchapu alitoka mbio, na safari hii mbio zake zilikuwa na maana. Alimkuta mwalimu ofisini, akamwambia yote bila kupunguza neno. Uso wa mwalimu ulibadilika. Hakupiga kelele. Alirudi naye kwenye chumba cha kompyuta, akaifunga fomu, akafuta taarifa za mama, mzazi pekee aliyekuwa ameijaza, akaliondoa kufuli la kijani, ndipo akavuta kiti cha pili.

"Karipio lako lipo, nitakupa baadaye. Sasa hivi fungua lile ombi, unisomee kwa sauti. Polepole."

Chapuchapu akaanza kusoma. "'Ombi limepokelewa. Linasubiri uthibitisho. Barua imetumwa kwenye sanduku ulilochagua.'" Akaacha kusoma. "Mwalimu, sanduku hilo la msimamizi tunalo?"

"Hatujawahi kulitengeneza."

"Kumbe barua ilikosa pa kuingia!" alidakia Maswali, aliyekuwa ameshafika mlangoni.

Saa tisa na nusu. Wakatengeneza sanduku jipya la msimamizi, Chapuchapu akisoma kila mstari kwa sauti mpaka Maswali akaanza kumcheka. Wakabofya "Tuma Tena". Dakika tano, kimya. Dakika nane, kimya. Mara ikaingia barua moja! Chapuchapu alinyoosha kidole, akakirudisha, akaisoma yote, ndipo akabofya "Thibitisha". Cheti kikatoka. Wakakiweka kwenye tovuti.

Bado pale juu pakasomeka "Si salama."

"Huo si ukurasa wa zamani?" aliuliza Maswali. "Kwa nini usiufungue upya?"

Akaufungua upya. Kando ya anwani, mahali ambapo hakuna mwanafunzi anayeweza kuchora, likatokea kufuli dogo la kijivu, wala halikung'aa. Wote watatu walipiga yowe hadi mwalimu mwingine wa chumba cha jirani akagonga ukuta. Ilikuwa saa kumi kasoro dakika sita.

Mwalimu alipotulia, alimgeukia Chapuchapu. "Kuchelewa kungetukosesha maonyesho tu. Uongo wako ungeweza kuwaumiza watu waliotuamini. Ukikwama, sema umekwama, tutatafuta njia pamoja. Na aliye wa kwanza kukuamini leo, nenda kamweleze mwenyewe kwamba sasa ni salama."

Mama yake alikuwa akikunja mashuka. Alitoa simu, akaifungua fomu, akalitazama lile kufuli dogo pale juu, kisha akamtazama binti yake machoni.

"Hili nalo umelichora?"

"Hapana, mama. Hili ni la kweli. Nimesoma kila mstari."

Mama aliweka mashuka kando. Kisha akafuta mikono kwenye aproni, akaanza kujaza fomu upya.