Kalondu na Mikebe ya Uyoga

Kila asubuhi kabla ya kwenda shuleni, Kalondu alimpa nyanya yake kidonge kimoja na kikombe cha uji. Nyumbani kwao Mumbuni kazi hiyo ilikuwa yake, naye aliionea fahari kwelikweli. Kidonge kilikuwa cha kuzuia damu isigande, kwa maana mwaka uliopita Susu, kama alivyomwita nyanya yake, alivimba mguu kwa sababu ya damu iliyoganda.

Mwezi huo shangazi Syokau alileta mikebe miwili ya unga wa uyoga wa dawa, kila mmoja ukiwa na uyoga wa aina tofauti. Susu akawa anakoroga yote miwili ndani ya uji.

"Uyoga nimekula tangu nikiwa mtoto," alijigamba. "Mvua ikinyesha tulikuwa tunauchuma kwa kichuguu. Hii ni chakula tu!"

Wiki ya tatu Kalondu aliona damu kwenye mswaki wa Susu. Mikononi Susu alikuwa na mavilio meusi ya damu, na hakuwa amejigonga popote. Kalondu aliingiwa na hofu.

"Susu, twende hospitali. Na tubebe hiyo mikebe."

"Ya nini? Syokau ataaibika bure. Usiseme kitu."

Susu alipogeuka, Kalondu akaitia mikebe ndani ya mkoba wake wa shule.

Hospitalini, Daktari Kilonzo aliuliza, "Susu, kuna dawa ingine unatumia?"

"Hakuna," Susu akajibu upesi.

Kalondu alimwogopa Susu kuliko mwalimu mkuu. Hata hivyo, akaiweka mikebe mezani. "Daktari, anatia hizi zote kwa uji." Susu akamkata jicho.

Damu ilipopimwa, ilionekana imekuwa nyepesi kupita kiasi. Susu akalazwa papo hapo, huku akijitetea kwamba uyoga wa kichuguu amekula tangu utotoni.

"Uyoga wa kichuguu ni mboga," daktari alimwambia. "Huu ni wa dawa, na unaweza kuzidisha nguvu ya kidonge chako. Ukichanganya aina mbili, hata mimi siwezi kujua ni ipi inakuumiza. Chochote unachomeza, hata kiwe cha asili, tuambie kwanza. Mtoto huyu amefanya vizuri kusema ukweli."

Siku ya tatu Kalondu alimkuta Susu ameketi kitandani, mavilio yakianza kufifia.

"Mnaona huyu?" Susu aliwaambia wagonjwa wote wodini. "Alinikosea heshima mbele ya daktari!"

Wagonjwa wakaguna. Susu akaushika mkono wa mjukuu wake, akauinua juu.

"Na kama hangenikosea, saa hii mngekuwa mnanizika."