Mazishi ya Jumatano

"Kunguru kwa Marehemu. Unanipata?"

"Marehemu anakupata."

"Mko kilomita mbili kutoka kaburini. Hewa ikoje humo?"

"Hewa ipo. Lakini jeneza hili ni la bei ya chee, Jola. Msumari unanichoma mgongo. Ungenizika kwa heshima kidogo."

Kicheko kifupi kikasikika sikioni.

Zoleka Ntshinga alikuwa amelala chali ndani ya jeneza la msonobari. Glock 19 kifuani. Chupa ndogo ya oksijeni kando ya shavu. Fundi wa Idara ya upelelezi alikuwa ametoboa matundu sita chini ya mishikio, na kupitia matundu hayo vumbi lote la barabara ya Gungqwana lilimwingia puani. Ilikuwa saa tatu na dakika arobaini asubuhi, siku ya Jumatano, na gari la maiti liliruka kila shimo kana kwamba dereva aliyatafuta.

Jana yake, jeneza hilohilo lilibeba bunduki tatu za AK-47 zilizoviringishwa kwenye blanketi.

Leo lilimbeba yeye.

Aliyekuwa akizitegemea bunduki hizo ni Monwabisi Sidloyi, mfungwa wa gereza la Mqekezo, mwingizaji wa silaha kwa njia ya bahari. Zoleka alikuwa amemsikiliza kwa miezi kumi na sita. Hakuwa amemwona ana kwa ana hata siku moja.

Leo angemwona.

Kazi ya kusikiliza simu za wafungwa haina sifa. Ni chumba kisicho na dirisha, kompyuta tatu, hedfoni na birika la chai. Kila mfungwa ana namba yake ya siri na orodha ya watu kumi anaoruhusiwa kuwapigia. Mashine hurekodi kila kitu, na ikisikia neno "bunduki" au "kutoroka" huwasha taa nyekundu. Wafungwa wanalijua hilo kuliko hata mkuu wa gereza.

Ndiyo maana Sidloyi hakuwahi kutaja bunduki. Miaka miwili iliyopita alipiga simu, akasema kwa sauti ya upole, "Geti la yule kijana wa bandarini linapiga kelele. Mpeleke fundi akalipake mafuta."

Siku mbili baadaye, Loyiso Ntshinga, ofisa wa forodha aliyekuwa amefungua kontena asilopaswa kulifungua, alipigwa risasi tatu mbele ya geti la nyumba yake. Loyiso alikuwa kitinda mimba kwao. Zoleka ndiye aliyembeba mgongoni wakati mama yao alipokuwa kazini.

Alimchukia Sidloyi. Hakuona haya kumchukia, wala hakumwomba Mungu amwondolee chuki hiyo. Aliitunza.

Miezi minane baada ya matanga alikwenda kwa mkuu wake, Mzukisi Gqirana, ambaye Idara nzima ilimwita Jola kwa jina la ukoo wake.

"Nihamishie kwenye simu za Mqekezo."

"MamTolo," Gqirana alimwita naye kwa ukoo wake, "wewe ndiye mlenga shabaha wangu wa kwanza. Kule tunapeleka watu wanaosubiri kustaafu."

"Basi nami nastaafu."

"Na ukimpata?"

"Nitamfanya ajute kuzaliwa na ulimi."

Gqirana alimtazama sana. Kisha akasaini.

Akakaa na hedfoni. Akajifunza sauti ile kama mtu anavyojifunza njia ya kwenda kisimani. Alijua kwamba Sidloyi kabla ya kusema uongo huvuta pumzi kwa pua. Alijua kidonda chake cha tumbo, alijua wake zake wawili na yupi alikuwa akimkwepa.

Siku tisa kabla ya asubuhi hii, simu ilikuja. Aliyekuwa upande wa pili ni Pamela, mwanamke aliyejiita dada yake.

"Bhuti, kaka yangu, mjomba ametutoka."

"Lini?"

"Jana."

"Tunazika lini?"

"Jumatano ya wiki ijayo. Saa nne. Gungqwana."

"Nitaomba ruhusa nije nimzike."

Mashine haikuwasha taa yoyote.

Siku hizohizo, kwenye laini nyingine, mwizi mmoja wa mifugo alikuwa amefiwa na shangazi yake. Huyo alipiga simu akilia, na hakumaliza dakika moja kabla ya kuanza kufoka. "Yule ng'ombe mwekundu ni wa baba! Mkimgusa nitawalaani! Na nani kamkabidhi Nowinile vyungu? Nowinile anaiba nyama, dunia nzima inajua!"

Huo ndio msiba.

Zoleka akarudia simu zote za Sidloyi. Tisa, katika siku sita. Akampigia Gqirana.

"Jola, nani anazika Jumatano?"

"Waislamu huzika siku yoyote."

"Sidloyi si Mwislamu. Kwetu watu huzika Jumamosi, ndugu wapate kutoka Johanesibagi na Keptauni."

"Labda hawana uwezo wa kungoja Jumamosi."

"Wasio na uwezo ndio hungoja Jumamosi ya pili! Na ng'ombe je?"

"Ng'ombe gani?"

"Ndicho ninachokuuliza. Simu tisa, hakuna aliyetaja ng'ombe. Hakuna aliyegombania chungu. Hakuna hema, hakuna mkesha, hakuna shangazi aliyenuna. Wewe umewahi kuona msiba wa kwetu usio na shangazi aliyenuna?"

Gqirana akasema polepole, "Hakuna maiti."

"Hakuna maiti, Jola. Anatoroka."

Wakachimba. Kwenye ghuba moja, dakika kumi na tano kutoka Gungqwana, walikuta boti ya fahari ya Mzungu aliyeitwa Kapteni Lorenz, yule aliyemuuzia Sidloyi silaha miaka yote. Vibali vyake vya kuondoka pwani vilikuwa vya Jumatano mchana. Tarehe ilipangwa na Lorenz, mgeni aliyetazama ratiba ya maji kujaa, asitazame desturi za watu. Sidloyi bila shaka aliliona kosa. Alilipuuza tu, kwa kuwa aliamini simu zake husikilizwa na mashine.

Mwenye kampuni ya mazishi alibanwa kidogo, akatoa funguo, jasho na mpango wote.

"Tunamnyima ruhusa, yameisha," alisema Gqirana.

"Ukimnyima atapanga jingine, na hilo huenda nisilisikie. Mwache aje msibani. Hata askari wa kumsindikiza tuwaweke wetu."

"Basi sikiliza, MamTolo. Lorenz hasogei ufukweni mpaka aisikie sauti ya Sidloyi mwenyewe kabla ya saa nne na nusu. Sidloyi akifa, Lorenz anatweka na kwenda zake. Namtaka hai."

"Nimesikia."

"Sikukuuliza kama umesikia."

"Hai," alisema Zoleka. Mdomo ndio uliosema. Moyo haukuwa umeafiki.

Gari lilisimama.

Jeneza likainuliwa, likayumba, likawekwa juu ya udongo. Zoleka alizima oksijeni, akasikiliza. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake.

Wanaume wanne na mwanamke mmoja walianza kuimba wimbo wa mazishi. Ubeti wa kwanza walijitahidi. Wa pili hawakuujua, wakabaki kuguna. Upepo ukavuma. Halafu ikaja milio ya minyororo ya miguuni, ikikokota changarawe, ikikaribia.



"Maafande." Sauti ileile, safari hii bila waya. "Naomba nimwone mjomba wangu mara ya mwisho."

Alivuta pumzi kwa pua kwanza.

"Fanya haraka," alijibu askari. Mtu wa Idara, ndani ya sare ya magereza.

Skrubu ya kwanza. Ya pili. Ya tatu.

Ya nne.

Kifuniko kikainuka, jua likaingia, na juu ya jua hilo ukaja uso. Zoleka alikuwa amemwazia mtu mkubwa. Kumbe ni kijitu kidogo chenye miwani, mfano wa karani wa shule.

Mkono wa Sidloyi ulikuwa tayari umeingia jenezani kutafuta chuma. Ulikikuta. Kilikuwa kimemwelekea paji la uso.

"Karibu msibani, mpwa wangu," alisema Zoleka.

Mbebaji mmoja aliingiza mkono ndani ya koti. Zoleka aliketi wima jenezani, akafyatua mara moja. Bastola ya yule bwana ikaruka, naye akaanguka ameshika bega. Pamela, aliyejua fika kwamba hapakuwa na maiti, alitupa kitabu cha nyimbo.

"Maiti imefufuka! Mama yangu, imefufuka!"

Akakimbia hatua sita, akanaswa. Wale watatu waliosalia walilala chini wenyewe.

Sekunde ishirini na mbili. Ikaisha.

Zoleka alitoka jenezani, akajifuta vumbi. Akaagiza wafungwe pingu na kulazwa kwenye lundo la udongo mwekundu, nyuso zimeelekea kwa bosi wao. Askari akataka kuwapeleka garini.

"Hapana. Waache hapo waone."

Sidloyi alikuwa amekwisha kujikusanya. "Wewe ni nani?"

"Mimi ndiye ninayesikiliza simu zako. Miezi kumi na sita. Dawa ya tumbo uliyoletewa mwezi uliopita haikukusaidia, nilisikia. Mkeo mdogo hapokei simu Ijumaa, na sababu unaijua. Na mimi ni dada yake Loyiso Ntshinga."

Sidloyi akafikiri kidogo. Kisha akacheka kwa upole.

"Ah. Yule wa geti."

Kidole cha Zoleka kilikaza.

"Marehemu!" Gqirana alikuwa akipiga kelele sikioni. "Hai! Namtaka hai! Zoleka, unanisikia?"

Alikitoa kile kidude sikioni, akakitia mfukoni. Alitaka kumuua. Alitaka kwa mikono, kwa meno, kwa miaka yote miwili. Saa ilionyesha saa nne na dakika ishirini na moja.

Akamrushia simu. "Mpigie Lorenz. Mwambie umetoka, asogeze boti ufukweni. Weka sauti kubwa, wote tusikie."

"Dada, umenizoea sauti tu, hunijui. Mimi siuzi watu."

"Sawa." Zoleka alisogea ukingoni mwa shimo, akachungulia chini. "Wamechimba vizuri. Jeneza lipo. Nyimbo mmeimba, ingawa vibaya. Anayekosekana ni mmoja tu."

Sidloyi aliwatazama wale askari wawili. Mmoja aligeuka kutazama mlima. Mwenzake aliinama kufunga kamba ya kiatu ambayo ilikuwa imefungwa.

"Huwezi," alisema.

"Ingia basi."

Hakupaza sauti. Sidloyi alikuwa mtu wa simu, mtu aliyeishi kwa kupima sauti za wengine, na hii aliipima akakuta haina mzaha hata chembe. Na kweli haukuwepo. Jasho lilimtoka chini ya miwani.

Akabonyeza namba.

"Kapteni. Ni mimi. Nimetoka."

"Umechelewa. Upo peke yako?"

"Na vijana wangu. Sogea ufukweni."

"Dakika tano."

Juu ya lundo la udongo, yule mwenye tundu begani alimtazama bosi wake kama mtu anayetazama kinyesi kwenye kiatu.

"Kumbe ndivyo ulivyo, Monwabisi," alisema. "Mimi nimekula risasi kwa ajili yako. Wewe hata kofi hujapigwa."

Saa nne na dakika thelathini na mbili Zoleka alirudisha kile kidude sikioni.

"Kunguru kwa Marehemu. Lorenz amekanyaga mchanga, tumemtia pingu na viatu vimejaa maji. Nimpeleke mchungaji huko, au bado yuko hai?"

"Hai, Jola. Kama ulivyoagiza."

Akainama hadi usawa wa sikio la Sidloyi.

"Unarudi Mqekezo. Watataka kukunyima simu, nami nitakutetea. Utapewa dakika zako kumi kila siku, kama kawaida."

Sidloyi hakuelewa. Alidhani ni huruma, akakaribia kushukuru.

Alianza kuelewa wiki ya kwanza.

Mkanda wa sauti yake akimuuza Lorenz uliwasilishwa mahakamani, ukachezwa mbele ya watu, na kabla ya jua kuzama kila mtu aliyewahi kula kwake alikuwa ameusikia. Mpwa wake halisi alibadili namba. Mke mkubwa alipokea, akasikia ni nani, akakata. Mke mdogo sasa hakupokea siku yoyote. Wakili alikuwa kwenye kikao, kila siku kwenye kikao. Mama yake mzazi alimwambia, "Umekosea namba, mwanangu," akaweka simu chini.

Wiki ya tano, Alhamisi mchana, Zoleka alikuwa kwenye kiti chake akimsikiliza Sidloyi akizunguka orodha nzima. Kumi zote. Simu iliita, ikaita, ikakatika. Alipomaliza hakuweka mkono wa simu mahali pake. Alibaki ameushika.

"Dada," alisema.

Zoleka hakusogea.

"Najua upo. Sema kitu. Chochote. Hata nitukane, dada, tafadhali. Mwezi mzima sijaongea na mtu."

Ilikuwa tamu. Zoleka hakujidanganya kwamba ilikuwa haki, wala kwamba Loyiso alikuwa amerudi au angerudi. Ilikuwa tamu tu, na alikaa akaimaliza yote, taratibu, kama mtu anayelamba kijiko.

Kisha akavua hedfoni, akaziweka mezani. Akavua kitambulisho cha gereza, akakiweka juu yake. Barua yake ya kurudi kazi za nje ilikuwa imesainiwa tangu asubuhi, na mtu wa kushika kiti hicho angekuja Jumatatu.

Langoni alinunua amagwinya mawili ya moto, maandazi ya kwao, kwa mama mmoja mwenye beseni, akala moja akitembea kuelekea kwenye gari, mafuta yakimchuruzika vidoleni.

Kule chumbani hedfoni ziliendelea kusema "dada" juu ya meza, hadi dakika kumi zilipotimia na mashine ikakata simu.