Sufuria Huingia Kwanza

Mama mkwe alinituma maboksi jua likiwa linazama.

"Wahi dukani kabla Mama Hyeon hajafunga," aliniambia bila kuinua macho kwenye vitunguu saumu alivyokuwa akimenya. "Na usiniletee yale ya tambi, yanapasuka. Chukua ya machenza. Au hilo nalo mpaka nikuchoree?"

Nilivaa koti nikatoka. Miaka saba nilikuwa nimekaa na ulimi wa mwanamke yule, siku moja zaidi isingeniua. Kesho yake asubuhi lori lingekuja. Lori mpaka bandarini, meli mpaka bara, kisha barabara ndefu mpaka Ulsan, ambako mume wangu Tae-ik alikuwa amepata kazi ya kuchomelea vyuma kwenye karakana ya meli, na nyumba ndogo ghorofa ya tano. Mimi na binti yetu Boram tulikuwa tunamfuata. Mama mkwe angebaki na ua wake, mawe yake meusi na upepo wake.

Lakini sikuwa nahama kwa ajili ya mshahara. Nilikuwa namtoa Boram. Tangu atimize miaka mitano mtoto alianza kushika tumbo. Akila hanenepi, na siku nyingine hali kabisa. Madaktari walimpiga picha, wakamtoa damu, wakasema hana kitu. Sebuleni kwa mama mkwe kulikuwa na picha mbili za wasichana wadogo, dada zake Tae-ik, na wote wawili walikufa wameshika matumbo. Tae-ik aliniambia habari hiyo mara moja tu, akabadilisha mazungumzo. Sikuhitaji kuambiwa mara ya pili.

Kisiwani kwetu Jeju watu hawahami siku wanayojisikia. Kuna juma moja mwishoni mwa baridi kali ambapo walinzi wote wa nyumba, wa mlango, wa jiko, wa ua, wa choo, hupanda mbinguni kukabidhi zamu. Wa zamani wameshaondoka, wapya hawajashuka. Juma hilo ukihamisha jiko, ukibomoa ukuta, ukikata mti aliopanda babu yako, hakuna wa kukukasirikia. Kwa hiyo kisiwa kizima huhama kwa pamoja, na jioni ile njia ilikuwa imejaa makabati na majokofu yaliyovikwa mablanketi.

Hakuna wa kukukasirikia. Sikuwahi kufikiria kwamba hakuna wa kukulinda pia.

Dukani, Mama Hyeon alinitafutia maboksi huku akiniangalia kwa jicho la umbea.

"Hivi kweli mama mkwe wako kakuachia mjukuu uende naye, kimya kimya tu?"

"Kakubali mwenyewe. Hata hakubisha."

"Yule?" Alicheka puani. "Yule hata mwiba wa samaki hampi paka. Haya, kapande meli kabla hajabadili mawazo."

Nilicheka nami. Nilirudi nimebeba maboksi mpaka kidevuni, upepo ukiyavuta kila upande.

Kwetu lango la ua halina mlango. Kuna nguzo mbili za mawe, na fito tatu za kulaza katikati yake. Fito zikiwa chini, wenyewe wapo. Zikilazwa zote tatu, wenyewe wamekwenda mbali, usijisumbue kuita. Mimi nilipotoka niliziacha chini.

Niliporudi zilikuwa zimelazwa zote tatu.

Na mwanamke alikuwa amesimama mbele yake.

Alinipa mgongo. Nywele zake zilishuka mpaka nyuma ya magoti, na zilikuwa zimelowa, ingawa hatukuwa tumepata mvua siku nyingi. Vidole vyake vilikuwa vinapita humo polepole, unywele mmoja, halafu mwingine, halafu mwingine... Kisha upepo uligeuka nikapata harufu. Harufu ya choo cha shimo, cha enzi za bibi zetu, kile ambacho chini yake walifugwa nguruwe.

"Mwenye mlango amesafiri?" aliuliza. Sauti ilikuwa ndogo, ya kunong'ona.

Nilidhani ni mtu wa vyuma chakavu. Juma la kuhama huwa wanapita wengi.

"Mama yupo ndani," nilimwambia. "Wanaohama ni sisi. Kesho."

"Najua. Mna nafasi?"

"Kwenye lori? Limejaa, dada. Hata baiskeli ya mtoto tumeiacha."

"Mimi sijazi pahali."

Hakugeuka. Vidole havikusimama. Nywele za kwenye mikono yangu zilisimama zenyewe, na bado nilikuwa najiambia ni baridi.

"Kesho," sauti ilisema kutoka mlangoni mwa nyumba. "Nimeshakwambia kesho."

Alikuwa mama mkwe. Nilimtazama, nikidhani anaongea na mimi. Nilipogeuza tena macho langoni...

Hakukuwa na mtu.

Fito zilikuwa chini, zimelowa maji.

"Mama, ulikuwa unaongea na nani?"

"Wa vyuma chakavu," alisema. "Ingiza maboksi, upepo utayabeba. Mikono yako imeota mizizi?"

Tulifunga vyombo. Nilipokwenda nyuma ya nyumba kuchukua beseni, nilimkuta Boram amesimama nje ya choo cha zamani. Nguruwe waliondoka kabla hajazaliwa, na sisi tulikuwa na choo cha ndani kama watu wengine, lakini mama mkwe hakuruhusu boma lile la mawe libomolewe. Mtoto alikohoa. Akasubiri. Akakohoa tena.

Hilo hakuna mtoto wa kwetu asiyefundishwa. Choo cha zamani hakiingiwi kimyakimya. Unakohoa kwanza, ili mwenye choo akusanye nywele zake, na ole wako umshtue akiwa anazihesabu. Pia tunafundishwa kwamba yeye na mwenye jiko ni maadui wasiopatana milele, kwa hiyo kitu cha chooni hakiingii jikoni, hata kipande cha kuni, hata kokoto. Watoto wa siku hizi hucheka wakiambiwa. Boram hakuwa anacheka.

"Unafanya nini hapa peke yako?"

"Namuaga," alisema, na kushika tumbo.

Nilimbeba juu juu nikaondoka naye. Lakini nilichungulia ndani nikiwa napita, na yale mawe mawili bapa ya kukanyagia, lilikuwa limebaki moja. Pale pa lile jingine palikuwa na shimo jipya lenye maji meusi.

"Mama, umeanza kubomoa choo?" nilimuuliza.

"Si ndilo juma la kubomoa hili? Nimechoka nacho."

Nilifurahi, niseme kweli. Nilifurahi kwa ajili ya watoto wa majirani.

Asubuhi lori lilipokuwa linawaka, mama mkwe alitoka na sufuria ya chuma, ile nzito ya zamani, aliyoachiwa na mama mkwe wake. Aliifunga kwa kitambaa cha maua, mafundo mawili juu ya kifuniko.

"Nimeijaza mchele," alisema. "Usiiweke kwenye lori. Ibebe mwenyewe mapajani, na ukifika iwe ya kwanza kuingia, kabla ya kitu chochote, kabla ya mtoto. Iweke juu ya jiko ndipo uifungue. Mkale mshibe huko."

Macho yake yalikuwa mekundu. Miaka saba alikuwa hajawahi kunipa hata kijiko. Kila mtu anajua sufuria ya mchele ndiyo inayotangulia kuingia nyumba mpya, na anayekupa yake anakuwa amekupa baraka ya nyumba yake. Nililia pale uani mbele ya dereva. Nilimshika mikono yote miwili nikamwambia sikujua kumbe ananipenda.

"Nenda, Mama Boram," alisema. "Nenda usigeuke."

Melini niliipakata ile sufuria kama mtoto wa pili. Boram alikula mayai mawili na chenza nne, akazunguka sitaha akiimba, na wala hakushika tumbo. Nilitazama kisiwa kikizama kwenye ukungu nikasema moyoni, tumepona.

Tae-ik alitupokea Ulsan kesho yake, akanicheka nilipomzuia mtoto mlangoni. "Ghorofa ya tano hakuna majini, hata lifti yenyewe wanaiogopa." Nilimwambia anyamaze. Nikavua viatu, nikaingia na sufuria, nikaiweka juu ya jiko. Ndipo nikawaita.

Nyumba ilikuwa safi na ndogo. Jiko na choo vilitenganishwa na ukuta mmoja mwembamba.

Jioni nilifungua mafundo nipike chakula cha kwanza. Mchele mweupe, mzuri, umejaa mpaka juu. Nikachota kikombe. Nikachota kingine. Kikombe cha tatu kikagonga kitu.

Harufu ikapanda.

Lilikuwa jiwe bapa jeusi, limelika katikati kwa nyayo za watu. Na lilikuwa limezungushiwa nywele, ndefu, zilizolowa, mzunguko juu ya mzunguko. Mchele uliokuwa chini yake ulikuwa umeoza.

Nilimpigia mama mkwe simu.

"Umeweka nini humu, Mama?"

Sauti yake ilikuwa changa, kama ya mtu aliyetoka kuoga.

"Usiku wa kuamkia leo nimelala mpaka jua likatoka. Sikumbuki mara ya mwisho kulala hivyo."

"Boram ni mjukuu wako."

"Na wale wa kwenye picha walikuwa nani wangu?" Hakupandisha sauti. "Mama mkwe wangu alinipa sufuria hiyohiyo nilipohamia ua huu. Nami nililia kama wewe, nikamshukuru. Nimempa wawili. Sasa mpe wako. Wanaume hawagusi, mwanangu yuko salama."

"Nalitupa baharini sasa hivi."

"Tupa. Yeye hatupwi, hubebwa. Na anayembeba asijue alichobeba, na aingize kwa mikono yake kwenye jiko geni, juma hili ambalo hakuna mlinzi. Nakwambia hayo kwa kuwa wewe ni mkwe wangu. Mimi hakuna aliyeniambia, mpaka nikawa nimeshawazika."

Akakata simu.

Nililipeleka bandarini nikalitupa mbali kadiri ya nguvu zangu. Nililisikia likizama. Niliporudi sakafu ya jikoni ilikuwa imelowa, na jiwe lilikuwa ndani ya sufuria, limekaa vizuri katikati.

Nikasikia Boram anatoka chumbani kuja kunywa maji. Nyayo zake ndogo zikasimama kwenye kizingiti cha jikoni.

Akakohoa.

Akasubiri.

"Mama," alininong'oneza, "mwambie akusanye nywele. Nina kiu."

Mwaka umepita tangu siku ile. Tae-ik anasema ni akili yangu, na madaktari wa hapa wana mashine kubwa kuliko za kisiwani na wanasema yaleyale, hana kitu. Nimemwambia tuhame tena. Anauliza kwa pesa zipi. Boram sasa ana uzito mdogo kuliko siku tuliyofika. Nikimwogesha nahesabu mbavu zake, najizuia, halafu nazihesabu tena.

Chini yetu anakaa Mama Eunsol. Mumewe amehamishwa kikazi kwenda Gangneung, mbali kaskazini, na lori lao linakuja kesho. Watu wa bara hawajui juma hili ni juma gani. Lakini hata wao wanajua sufuria ya mchele huingia kwanza.

Binti yao ana miaka minne. Ana mashavu manene, na Boram anamwita dada.

Ile sufuria nimeisugua mpaka imeng'aa, nikaipaka mafuta. Nimenunua mchele mzuri kuliko tunaokula sisi. Jioni hii nimemwonyesha Mama Eunsol, nikamwambia kesho nitamkabidhi lori likiwaka, aibebe mwenyewe mapajani, asiifungue mpaka aiweke juu ya jiko lake. Amelia. Amenishika mikono yote miwili, akasema hajawahi kupata jirani mwenye roho kama yangu. Eunsol alikuwa pembeni anakula biskuti. Nilimfuta makombo mdomoni.

Kisha nimepanda ngazi kurudi kwangu, nimeifunga sufuria kwa kitambaa cha maua, mafundo mawili. Taa ya jikoni sikuiwasha. Harufu ilikuwa imeshapanda, na nyuma yangu nilikuwa nasikia vidole vinapita kwenye nywele zilizolowa, polepole...

"Mna nafasi?"

"Kesho," nimesema kwa sauti ya chini. "Nimeshakwambia kesho."

Boram amechungulia kutoka chumbani, ameshika tumbo.

"Mama, unaongea na nani?"

"Wa vyuma chakavu," nimemjibu. "Kalale."