Vikaratasi vya Kisima

Kila asubuhi ya Julai, kabla jua halijaanza kuchoma, Argiro alikaa kwenye stuli karibu na bomba, mswaki mkononi, akisugua vigae, vipande vya vyungu vilivyovunjika zamani. Alikuwa na miaka kumi na miwili. Mama yake, Thekla, ndiye aliyesimamia uoshaji wa kila kitu kilichotoka kwenye kisima cha kale kilichokuwa kikichimbwa na wanaakiolojia nyuma ya shamba la mizeituni. Kwa mama huyo, mtoto hakai bure likizoni.

Kazi yenyewe ilichosha. Mzee Lambros aliteremshwa kisimani kwa kamba, akachimba, akajaza ndoo, ndoo ikavutwa juu. Kila ndoo ilikuja na kikaratasi kilichoonyesha kina ilikotoka. Vigae vikishaoshwa vilitandazwa juani kwenye trei, kila trei na kikaratasi chake, na juu ya kikaratasi jiwe, kwa sababu upepo wa kaskazini wa msimu ule haumwombi mtu ruhusa.

Jumatano Argiro alikuwa na haraka. Binamu yake, Fotini, alikuwa amesimama barabarani na taulo begani, akimwita bibi kizee wa vyungu. Argiro akatandaza trei tatu za mwisho, hakujisumbua kutafuta mawe, akakimbilia baharini. Aliporudi alikuta vikaratasi vitatu vimenasa kwenye uzio wa waya. Mita ya nne, mita ya saba, mita ya kumi na moja. Akatazama trei. Vigae vyote vilikuwa na rangi ileile ya udongo. Akakisia, akarudisha vikaratasi, na safari hii akaweka na mawe.

Ijumaa, Bi Evdokia, mkuu wa uchimbaji, alipanga vigae mezani, akavipangua, akavipanga tena. Chini kabisa ya kisima, mahali pa vyombo vya watu wa kwanza kuchota maji pale, palikuwa na vipande vya bakuli la miaka mia tatu baadaye. Aliona sababu moja tu: mchimbaji alikuwa akiangusha udongo wa juu na kuuchanganya na wa chini.

Mzee Lambros alikana. Akaambiwa aitazame meza. Akaitazama, akakana tena, kwa sauti ndogo zaidi. Alikuwa amechimba visima kwa miaka thelathini na minane. Bi Evdokia akamwambia kwamba kuanzia Jumatatu atasukuma toroli, na kisimani ataingia mtu mwingine. Vijana wa toroli wakamkaribisha kwa utani kwamba huku juu angalau kuna hewa. Hakucheka.

Mchana Argiro alishindwa kula. Akamweleza Fotini jinsi alivyokisia vikaratasi.

"Nyamaza tu," Fotini akasema. "Magoti ya mzee yamekwisha. Toroli itampumzisha."

"Toroli inampumzisha nani? Wewe umewahi kuisukuma?"

Jumamosi nzima aligombana na kila mtu, hata na paka. Jumapili, wakiwa wanaosha vyombo vya chakula cha mchana, akamwambia mama yake. Thekla hakupiga kelele. Alifunga bomba, akafuta mikono.

"Vaa viatu. Utamwambia Bi Evdokia mwenyewe."

"Mama, si umwambie wewe?"

"Kwani vile vikaratasi niliviweka mimi?"

Bi Evdokia alimsikiliza akiwa amesimama, kisha akaketi. Alikuwa amekasirika, na hakuficha. Alisema kama trei zingeachwa bila vikaratasi, kazi ingekuwa ya saa chache tu za kuunganisha vigae. Sasa siku mbili zimepotea, na mtu ameaibishwa mbele ya wenzake. Kisha akavuta trei zote tatu, wakaanza kujaribu kigae kwa kigae, ukingo kwa ukingo. Jioni mdomo wa mtungi kutoka trei moja ukaungana na kishikio chake, kilichotoka mita ya kumi na moja siku ya Alhamisi. Bakuli likapata kitako chake katika vigae vya mita ya nne vilivyooshwa siku za nyuma. Trei ya tatu ikabaki kuwa ya mita ya saba.

Jumatatu asubuhi, wafanyakazi wote wakiwepo, Bi Evdokia alimwomba radhi Mzee Lambros. Argiro naye akamwomba, macho chini.

"Toroli ningeisukuma," mzee akasema. "Kuitwa mchimbaji mbovu katika kijiji changu mwenyewe, hilo lilininyima usingizi siku tatu. Ukumbuke hivyo." Akajifunga kamba kiunoni, akateremka.

Argiro alirudi kwenye stuli akilia. Mama yake akamsogezea ndoo.

"Karatasi kupeperuka ni uzembe, na uzembe nitakuzoesha kuuacha," alisema. "Lakini ulikisia, ukaweka vikaratasi kana kwamba unajua, na mtu mwingine akaubeba mzigo wako. Siku nyingine ukiwa hujui, acha trei bila kikaratasi, uje uniambie hujui. Hiyo nayo ni kazi iliyofanywa vizuri. Haya, sugua."