Kucha za Chiriku

Fundi wa kucha alikuwa na chumba kimoja, ubavuni mwa duka la kinyozi. Ndani mlikuwa na meza nyembamba, taa ya kukaushia rangi na viti viwili vya plastiki. Kila jioni mdogo wake alikuja hapo kupiga soga. Mama yao alimwita Chiriku, maana tangu alipojua kusema hakunyamaza.

Jumatano moja Chiriku alikuja na karatasi ya hospitali. Kesho yake angefanyiwa upasuaji wa kutoa uvimbe kwenye kizazi.

"Dada, nibandike kucha," alisema. "Ndefu, nyeusi. Za miguu nazo zipake rangi. Watu wakija kunitazama wasinikute kama kuku aliyenyeshewa."

Fundi aliipitia karatasi. "Mbona hapa wanasema usipake rangi ya kucha?"

"Mambo ya usafi tu hayo. Wanapasua tumbo, hawapasui vidole!"

Walicheka mpaka kinyozi akagonga ukuta. Fundi akabandika kucha kumi kwa gundi kali. Akajisifu, "Hizi hazing'oki hata kwa koleo."

Alhamisi mchana aliitwa hospitalini. Chiriku alikuwa hai, lakini hakuamka siku ile, wala siku ya pili. Siku ya sita alifumbua macho. Alimtazama dada yake kama mtu anayetazama ukuta.

Muuguzi wa usingizi, mama wa makamo, alimwita fundi pembeni.

"Mimi ndiye niliyemlaza usingizi," alisema. "Sitakuficha kitu."

Alitoa mfukoni kifaa kidogo kama kibanio cha nguo, akambana fundi kidole. Mwanga mwekundu ukawaka. Namba ikatokea: 98.

"Hiki kinapima oksijeni kwenye damu. Ndiyo ile hewa inayotuweka hai. Mwanga unapenya kidole na kuisoma damu. Mtu mwenye afya huwa na 95 au zaidi. Ikishuka chini ya 90, hapo hatusubiri. Mgonjwa aliyelazwa usingizi hawezi kusema nakosa hewa. Kifaa hiki ndicho kinachomsemea."

"Na Chiriku je?"

"Kilisoma 84. Nikasema, aa, ni kucha hizo. Rangi nzito na kucha za kubandika huziba mwanga, kifaa kikasoma vibaya au kisisome kabisa. Nikahamia kidole kingine. Kingine tena. Vya miguu navyo vimepakwa. Kumbe kilikuwa kinasema kweli. Mpira wa hewa, ule tuliompitishia kooni apumue, ulikuwa umehama. Nilipogundua, dakika zilikuwa zimekwenda. Ubongo ukikosa hewa hauna subira, dada."

"Kwa nini hamkuzitoa asubuhi?"

Muuguzi aliinamisha kichwa. "Tulijaribu, zikagoma. Tulipaswa kuahirisha. Wagonjwa walikuwa wengi, tukasema liwalo na liwe."

Fundi alitaka kumtukana. Lakini gundi ilikuwa ya nani?

Chiriku alirudi nyumbani baada ya miezi miwili. Analishwa, anaogeshwa. Ana maneno matatu tu: maji, hapana, dada. Mchana hulala kwenye godoro nyuma ya pazia, palepale kazini, kwa kuwa nyumbani hakuna wa kumwangalia.

Siku hizi kila mteja huulizwa kabla hajakaa: "Una upasuaji karibuni?" Akisema ndiyo, habandikwi. Kama amekwisha kubandikwa, fundi huzilowesha kucha kwa dawa ya kulainisha gundi, huzitoa taratibu na kufuta rangi yote, ya mikono na ya miguu. Wengine husonya.

Mwalimu mmoja alikuwa na upasuaji wa shingo. Alikuja juu. "Wewe fundi au daktari? Nitakwenda kwingine!"

"Nenda, dada. Ila kwanza njoo umwone mdogo wangu."

Akavuta pazia. Mwalimu alimwona Chiriku kwenye godoro. Kisha alirudi mezani, akavua viatu, akaweka mikono mezani kucha zitolewe.

"Ukifika huko," fundi alimwambia, "usione haya. Waulize watakupimaje oksijeni, na nani atakuwa anaiangalia."

Wiki tatu baadaye mwalimu alirudi, bandeji ndogo shingoni, uso umechangamka.

"Wee fundi! Nimeambiwa katikati ya kazi hewa ilinipungua. Kifaa kikalia, wakaona papo hapo, wakaurekebisha mpira. Mimi nimelala tu, sina habari! Kumbe jambo lenyewe ni dogo hivi. Vidole vitupu tu!"

"Dogo," fundi alijibu. "Dogo sana."

Alimwomba mwalimu asubiri kidogo. Akachukua kitambaa, akaenda nyuma ya pazia kumfuta Chiriku mate.